Baba Mwenye Nyumba, Tajiri wa Mdomoni

Nyie mnaosema "yule ana nyumba Chikongola hapa Mtwara, hana shida, anakaa tu anasubiri kodi", njooni mkae hata wiki moja kwenye nafasi yangu afu mniambie huko kukaa mtakaa saa ngapi. Nna vyumba sita vya uani, mita moja ya umeme, choo kimoja, na kila mtu anakula kwenye ile nyumba kasoro mimi. Fundi anakula, dalali anakula, mchwa wanakula, hata kutu inakula.

Luku ndo inanitoa roho. Mita moja watu sita, wakakubaliana wenyewe kuchanga sawa kwa sawa, sasa mmoja ana taa moja na simu ya kuchaji, mwenzie kaweka friji anauza barafu za ubuyu. Yule wa taa moja akaona huu ni uonevu, usiku watu wamelala anashusha swichi kubwa. Asubuhi barafu zote maji, ubuyu umetiririka mpaka koridoni, koridoni kwekundu utadhani kumechinjwa, na wote wawili wako mlangoni kwangu hata meno sijapiga mswaki. "Shikamoo baba, tumekuja utuamue." Niwaamue! Mi hakimu?

Hapo bado kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye luku, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ikaja ikapanda 1,500, kwaiyo yule masikini wa Mungu aliyenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza ndo anabeba msalaba wa nyumba nzima. Mama wa chumba cha tatu alinijia na simu kaishika kwa mikono miwili, ananisogezea meseji puani, "Baba hebu soma mwenyewe, nimeweka elfu mbili, yuniti ziko wapi hapa?" Na kweli yuniti zilikuwa za kuchemshia chai basi. Haki yake, ile kodi ni ya mwenye jengo, nampunguzia kwenye pango yanaisha. Nikaweka na sabmita, mita ndogo ya kila chumba, nikajua nimepumzika, weee, sasa wananiletea daftari, kila mmoja anadai ya kwake inakimbia. Ila wekeni tu sabmita ndugu zangu, bora kugombana na mita kuliko kuchunguzana nani kapiga pasi.

Halafu kuna majirani zangu wa enzi za gesi. Mnakumbuka 2012, 2013, mji mzima unasubiri wageni wa gesi, watu wakavunja nyumba nzima nzima, jipsamu, taili mpaka ukutani, AC, geti la kujifungua lenyewe, pango wanataja kwa dola. Bomba likakamilika 2015, gesi ikapanda zake kwenda Dar, na wageni wenyewe si wa kudumu. Jirani yangu mmoja kwenye chumba chenye AC sa hivi kafuga kuku. Wanataga vizuri, sikatai, ila wale kuku wanakaa pazuri kuliko mimi. Ndo maana nikisikia mtu anataka kuanza na jipsamu namuuliza kwanza, bati lako likoje?

Maana huku kwetu bati ndo nyumba. Upepo wa bahari una chumvi, na dukani watakusukumia geji 30 kwa sababu bei nzuri, we chukua 28 ndo nene, namba ikipungua bati linanenepa, sijui nani alipanga hivyo. Na kutu haianzii katikati, inaanzia kwenye tundu la msumari, kwaiyo misumari isiyo na raba mwambie fundi akaezekee kwake. Aprili 2019 tulipotangaziwa Kimbunga Kenneth kinakuja, watu wa pwani wakahamishwa, mi nilikuwa nahesabu misumari tu kichwani. Kikaenda kupiga Msumbiji. Tulipona, ila tangu siku ile upepo ukivuma naamka.

Fundi sasa. Usimpe hela ya vifaa mkononi, nenda nae dukani, na mchanga uuone kwa macho yako. Kuna mmoja alitaka kunipigia plasta kwa mchanga wa ufukweni, eti uko karibu, usafiri bure. Bure! Ile chumvi inatoka ukutani taratibu, rangi inavimba inabanduka, afu mpangaji anakwambia chumba chako kina jini.

Na kodi yenyewe inalipwaje? Mtwara kila kitu ni korosho zikiuzwa. Mwezi wa saba, baba subiri korosho. Oktoba minada inaanza, baba mnada ulikuwa wa chama kingine cha ushirika. Desemba, hela imeingia benki ila foleni ndefu. Januari unapita unakuta mtu kanunua redio inatikisa ukuta wako. Na likizo ya Juni watoto wakitolewa unyagoni, ngoma inapigwa uani kwangu, pilau linapikwa kwenye kuta nilizotoka kuzipaka, afu mi naletewa sahani moja na naambiwa nisile haraka.

Mpangaji akihama ndo utamjua. Anaondoka na kitasa, anaondoka na holda ya taa, waya unaning'inia. Kwaiyo piga picha kila kona siku anaingia, mkataba uandikwe, mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri. Mmoja nilimuonesha picha ya kitasa akasema hicho sio kile, kile kilikuwa kinacheka. Kitasa kinacheka, wallah!

Sasa wiki hii choo kimejaa. Gari la kunyonya limekuja, halipiti uchochoroni, jirani kaongeza banda mpaka njiani. Dereva akasema hakuna shida, tunavuta mpira mrefu unapita uani kwake. Jirani yuleyule mwenye kuku wa AC kakaa kwenye kiti, kakunja nne, anataka elfu kumi ya mpira kupita. Mpira jamani, sio gari! Wapangaji wote sita wamejipanga nyuma yangu wamebana miguu, hakuna anayetaka nibishane. Nimelipa. Ila nimemwambia, jogoo wake nae kila siku anavuka kuja kudonoa kwangu, namwandikia risiti.