Gari la wagonjwa vitani: lijioneshe au lijifiche?

Wahudumu wa afya wanaofanya kazi penye vita wamegawika pande mbili. Wapo wanaosema gari la wagonjwa lipakwe alama kubwa ya msalaba mwekundu au hilali nyekundu na taa ziwake, kila mwenye silaha alione tangu mbali. Wengine wanasema alama hiyo sasa imekuwa shabaha, bora ifutwe na gari lipite usiku kimya kimya. Zanzibar hatuna vita, lakini watu wetu wanakwenda katika vikosi vya kulinda amani, na Tanzania imefungwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, yaani sheria za kimataifa za kuwalinda majeruhi na raia vitani, pamoja na Itifaki zake za Ziada za 1977. Mjadala huu unatuhusu.

Wanaotaka kujificha wana hoja nzito, na si haki kuwaita waoga. Tarehe 3 Oktoba 2015, hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan, ilipigwa na ndege ya Marekani na watu 42 wakafa, ilhali jeshi lilikwishapewa vipimo vya GPS vya mahali ilipo. Syria nako zilipigwa hospitali ambazo vipimo vyake vilikabidhiwa kupitia Umoja wa Mataifa ili zisiguswe. Tarehe 23 Machi 2025 huko Rafah, Gaza, jeshi la Israel liliwaua watu 15 waliokuwa kazini: 8 wa Hilali Nyekundu ya Palestina, 6 wa kikosi cha uokoaji na mfanyakazi 1 wa Umoja wa Mataifa. Dereva aliyeyaona hayo akiamua kuzima taa, nani atamlaumu?

Hata hivyo, ukiichambua Kunduz, kosa halikuwa kule kujulisha. Uchunguzi wa jeshi la Marekani lenyewe ulieleza kuwa ndege iliondoka kabla ya wakati uliopangwa, bila wahusika kupewa orodha ya sehemu zisizopigwa. Mawasiliano yakaharibika angani. Walioko ndani walitakiwa walipige jengo jengine, wakalitafuta kwa maelezo ya mdomo, wakaangukia hospitali. Taarifa ilikuwepo, ila haikumfika aliyeshika kitufe. Wanajeshi 16 walichukuliwa hatua za kinidhamu na hakuna aliyefunguliwa mashitaka ya jinai. Kwa roho 42, hilo ni dogo mno, na adhabu za namna hiyo ndizo zinazowavunja moyo wahudumu kuliko udhaifu wa alama.

Kisheria, alama haileti kinga ya kutoshambuliwa. Kinga inatokana na kazi ya kutibu na kubeba majeruhi. Alama inaionesha tu. Gari lisilo na alama halijapoteza haki yake, lakini limempa mpigaji kisingizio. Rafah imelionesha hilo waziwazi. Jeshi lilidai kwanza kuwa magari yalikuja bila taa, kwa namna ya kutia shaka. Baadaye video iliyopatikana katika simu ya mmoja wa waliouawa ikaonesha taa zinawaka na alama zinaonekana, na jeshi likabadilisha maelezo. Laiti taa zingekuwa zimezimwa kweli, uongo ule ungesimama hadi leo. Hii ndiyo sababu ninaegemea upande wa kujionesha: hata pale alama iliposhindwa kuokoa maisha, ilibaki kuwa ushahidi.

Lakini kujionesha nako kuna ufundi wake. Alama ndogo mlangoni haimsaidii mtu aliye angani. Inatakiwa iwe kubwa kadiri ya nafasi, juu ya paa na pande zote, kwenye sehemu bapa, na usiku imulikwe. Rangi nyekundu ya kawaida inaweza isipambanuke na nyeupe katika vyombo vya kuonea usiku. Ndiyo maana kiambatisho cha Itifaki ya Kwanza kinaruhusu kupaka kwanza rangi nyeusi chini ya ile nyekundu. Taa ya buluu inapendekezwa imemeteke kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Nyota ya buluu yenye ncha sita, inayobandikwa kwenye magari mengi ya wagonjwa duniani, si alama ya kinga katika Mikataba hiyo.

Majeshi nayo yana la kusema. Gari la wagonjwa likibeba wapiganaji wazima au risasi, linapoteza kinga, na hofu ya askari aliye kizuizini ni ya kweli. Hata hivyo sheria imeweka ngazi. Kwanza lazima onyo litolewe, pamoja na muda wa kutosha pale inapofaa, na onyo hilo lipuuzwe. Kumtibu adui si kosa. Muhudumu kuwa na silaha ndogo ya kujilinda yeye na wagonjwa wake hakuondoi kinga, wala bunduki aliyovuliwa majeruhi ikakutwa kabla haijakabidhiwa. Askari ana haki ya kupekua, na dereva asibishane naye: apunguze mwendo, awashe taa ya ndani, ashushe vioo. Upekuzi wa dakika chache ni halali. Kumzuia mgonjwa anayevuja damu kwa saa nzima ni kumuua bila risasi.

Kwetu kazi inaanzia kwenye mambo madogo. Msalaba mwekundu unachorwa ovyo kwenye maduka ya dawa na zahanati za kulipia, mjini na shamba. Mkataba wa Kwanza wa Geneva, kifungu cha 44, unaruhusu wakati wa amani alama hiyo itumike kwa idhini ya chama cha taifa cha Msalaba Mwekundu, kwenye magari ya wagonjwa na vituo vinavyotoa huduma ya kwanza bure. Duka la dawa lichore msalaba wa kijani. Askari aliyezoea kuiona alama kwenye kila kibao hatoiheshimu siku ya siku.

Baharini ndiko kwenye ugumu zaidi. Boti za KMKM, kikosi cha Zanzibar cha kuzuia magendo, ndizo zinazokimbilia ajali katika mkondo wetu, na uokoaji huo ni wa kupongezwa. Lakini boti ya kikosi inayofanya doria asubuhi na kubeba mgonjwa kutoka Mkoani, Pemba, jioni haiwi chombo cha tiba kwa sababu ya machela tu. Kwa muda wote wa safari hiyo lazima iwe ya tiba peke yake. Boti ndogo ya uokoaji ya pwani inayotaka kinga ya Mkataba wa Pili wa Geneva, unaohusu vita vya baharini, inatakiwa ipakwe nyeupe nje yote, na iwe na misalaba ya rangi nyekundu iliyokoza, mikubwa iwezekanavyo, ubavuni kila upande na juu ya sitaha. Kuitenga boti moja kwa kazi hiyo tu ni gharama kubwa kwa visiwa vyetu, na wanaopinga watasema fedha hiyo ingenunua dawa. Jibu langu ni kuwa boti hiyo ingefanya kazi tangu sasa, kwa wagonjwa wa Pemba wanaohitaji kufikishwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja.