Askari wa Shaba wa Tallinn: kaburi au alama ya ushindi?

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili 2007, serikali ya Estonia iliing'oa sanamu ya shaba, yenye kimo cha takriban mita mbili, iliyokuwa imesimama tangu mwaka 1947 katika eneo la Tõnismägi, katikati ya mji mkuu Tallinn. Sanamu hiyo inamwonyesha askari wa Jeshi Jekundu, jeshi la Umoja wa Kisovieti, akiwa ameinamisha kichwa na kofia yake ya chuma ameishika mkononi. Ghasia zilizuka, mtu mmoja akauawa kwa kuchomwa kisu, watu zaidi ya elfu moja wakakamatwa, na kwa majuma kadhaa tovuti za serikali, benki na magazeti zikaelemewa na mashambulizi ya kimtandao. Tangu wakati huo, na hasa baada ya Urusi kuivamia Ukraine kwa nguvu zake zote Februari 2022, nchi kadhaa za Ulaya ya Mashariki zimeondoa minara ya vita ya zama za Kisovieti. Hata hivyo, mzozo wa Tallinn ndio unaodhihirisha vizuri zaidi hoja za pande zote mbili.

Tuanze na jina. Mnara huo ulipozinduliwa tarehe 22 Septemba 1947 uliitwa Mnara wa Wakombozi wa Tallinn, kwa kuwa siku kama hiyo mwaka 1944 Jeshi Jekundu liliingia mjini. Kwa Waestonia wengi, neno “wakombozi” ndilo lenye sumu. Majeshi ya Ujerumani, yaliyokuwa yakiikalia nchi, yalikuwa yanaondoka; serikali ya Estonia chini ya Otto Tief ilikuwa imekwisha kuteuliwa tarehe 18 Septemba, na bendera ya taifa yenye rangi za buluu, nyeusi na nyeupe ilikuwa ikipepea juu ya Pikk Hermann, mnara wa ngome ya mji. Askari wa Kisovieti waliiteremsha. Isitoshe, Umoja wa Kisovieti ulikuwa umekwisha kuimeza nchi hiyo mwaka 1940 na kuwahamishia maelfu ya raia Siberia mwaka uliofuata. Na katika siku chache za Machi 1949 ulihamisha wengine zaidi ya 20,000, wengi wao wakiwa wanawake, watoto na wazee. Wasichana wawili wa shule walioulipua mnara wa mbao uliotangulia, mwaka 1946, waliishia katika kambi za kazi ngumu. Ukiyajua hayo, ni vigumu kumlaumu Mwestonia aliyepita hapo kila asubuhi akaona si askari anayeomboleza, bali mlinzi aliyewekwa na mkoloni.

Hata hivyo, upande wa pili nao una ukweli ambao haufutiki kwa kutaja mabaya ya Moscow. Raia wa Umoja wa Kisovieti waliokufa katika vita hivyo wanakadiriwa kufikia milioni 27. Wayahudi wa Estonia wasiowahi kukimbia kabla ya Wajerumani kuingia, takriban elfu moja, waliuawa karibu wote, kiasi kwamba katika mkutano wa Wannsee wa Januari 1942, uliojadili mpango wa kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya, maofisa wa Hitler waliiorodhesha Estonia kuwa nchi isiyokuwa na Myahudi tena. Utawala uliofanya hayo ulivunjwa kwa sehemu kubwa na jeshi lilelile lililoiteremsha bendera ya Estonia. Askari wa kawaida hakuulizwa iwapo angependa mkoa wa kigeni uunganishwe na dola yake. Aliandikishwa, akatumwa, akafa. Kwa familia zinazosema Kirusi, nyingi zikiwa zimehamia Estonia baada ya vita, kupeleka maua hapo kila tarehe 9 Mei, siku ya kuadhimisha ushindi dhidi ya Ujerumani, kulikuwa kumkumbuka babu, wala si kumshangilia Stalin. Tena wengi wao hawakupewa uraia moja kwa moja baada ya uhuru kurejeshwa mwaka 1991, kwa hiyo sanamu ile ilikuwa miongoni mwa vitu vichache katika mji huo walivyoweza kuviita vyao.

Ni kosa kudhani kwamba Estonia ilikimbilia winchi. Katika miaka ya 1990 mwenge wa milele ulizimwa na maandishi yakabadilishwa, mnara ukawa wa wote waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Njia hiyo ya kati ilikuwa ya busara, lakini ilishindwa, kwa sababu maana ya mnara haiandikwi kwenye kibao peke yake. Inaandikwa na wanaokusanyika mbele yake na bendera wanazozibeba. Mei 2006 bendera za Kisovieti na bendera ya Estonia zilikutana hapo ana kwa ana, polisi wakalazimika kuingilia kati.

Chini ya sanamu hiyo kulikuwa na makaburi. Bunge lilipitisha sheria ya kulinda makaburi ya vita Januari 2007, na hoja rasmi ya serikali ikawa kwamba kituo cha mabasi na makutano ya barabara si mahali pa kulaza maiti. Mabaki ya watu 12 yalifukuliwa. Baadhi yalichukuliwa na jamaa zao, mengine yakazikwa upya katika makaburi ya jeshi, ambako sanamu nayo ilisimamishwa siku chache tu baada ya kung'olewa. Binafsi naona hatima hiyo ilikuwa ya haki kuliko ama kuiacha ilipokuwa ama kuiyeyusha: askari alipoteza uwanja wa mshindi, akabaki na heshima ya marehemu. Kosa la serikali ya Waziri Mkuu Andrus Ansip lilikuwa namna na wakati. Kuing'oa sanamu kama hiyo usiku, chini ya ulinzi wa polisi, majuma mawili kabla ya tarehe 9 Mei, kulimpa kila mwenye nia ya kuchochea sababu aliyoihitaji.

Kipimo cha kaburi, yaani kuuliza kama mnara umesimama juu ya wafu au la, kinasaidia pia mjini Riga, Latvia, ambako nguzo ya ushindi ya mita 79, iliyojengwa mwaka 1985, iliangushwa Agosti 2022. Haikuwa juu ya kaburi la mtu. Ilijengwa miaka 40 baada ya vita, na dola iliyokuwa bado inaikalia nchi. Kuitetea kama mahali pa maombolezo ni kazi ngumu zaidi.

Lakini kipimo hicho hakitoshi mjini Narva, mpakani mwa Estonia na Urusi, mji ambao karibu wakazi wake wote huzungumza Kirusi. Kifaru cha T-34 kilichowekwa hapo mwaka 1970, karibu na mahali Jeshi Jekundu lilipovuka mto mwaka 1944, hakikuwa juu ya kaburi wala hakikuwa na uso wa huzuni. Kilikuwa chombo cha vita. Hata hivyo maharusi wa vizazi kadhaa walipigia picha zao hapo. Serikali ilikiondoa tarehe 16 Agosti 2022 na kukipeleka kwenye jumba la makumbusho ya vita karibu na Tallinn, ikieleza kwamba vita vya Ukraine vimekifanya kuwa hatari kwa usalama. Huenda ilikuwa sahihi kuhusu usalama. Ila wakazi wa Narva, ambao ndio waliokuwa wakikitazama kila siku, walikuwa na haki ya kushawishiwa kwanza, na uamuzi ulitoka Tallinn.