Steringi Yuko Njiani

Mjomba wangu alikuwa na kibanda umiza Temeke. Bati juu, magunia pembeni, mabenchi saba na luninga ya inchi 21 yenye doa la kijani kwenye kona, kiasi kwamba kila mchezaji wa mpira akikimbilia kule aligeuka mjusi. Kiingilio shilingi 200. Ilikuwa 2006, mwaka wa mgao wa umeme, kwa hiyo nje kulikuwa na jenereta bovu, na mjomba alishaacha kuhesabu watu kwa vichwa, akawa anawahesabu kwa lita za petroli.

Wazo la kuachana na filamu za Kichina tukaweka Dragon Ball, katuni za ngumi za Kijapani, lilikuwa langu. Nilikuwa kidato cha pili, na jirani mwenye dishi alikuwa akiniachia nichungulie dirishani. Kiingereza chake nilishika neno moja katika matatu, mawili nikajazia mwenyewe, na mtaani nikahesabika mtaalamu. Wiki nzima niliwasimulia watu habari za Broly, jitu lenye misuli mpaka kwenye kope, ambalo katika filamu ya kwanza, ya 1993, liliwatembezea kichapo Goku, ambaye ndiye steringi, Vegeta, Piccolo na Gohan kama mwalimu wa zamu. Kariakoo nikapata CD. Kwenye kava Goku ana nywele za dhahabu, nyuma yake Broly amekenua meno. Jina: Bio-Broly. Sikujiuliza hiyo Bio inatafuta nini pale. Nilidhani ni ya baiolojia, yaani Broly aliyesoma.

Jumamosi banda likafurika. Watoto sakafuni, mama wawili wa vikoba, wazee watatu waliokuwa wanasubiri Magharibi, muuza kahawa na birika lake, na benchi la mbele fundi baiskeli, ambaye bado tulikuwa na maneno kuhusu koti lake nililoliazima likarudi na doa. Mimi nilisimama kando ya luninga na fimbo. Ndimi mkalimani.

Filamu inaanza, mwanamke mwenye nywele za njano anamdai mwanamume mwenye masharubu zeni, pesa za huko kwao, milioni 20. Mama wa vikoba wakakaa sawa. Nikawaeleza: huyu dada alikubali kuanguka ulingoni ili bwana huyu aonekane bingwa, malipo mpaka leo danadana. "Mbane huyo!" akapiga kelele mmoja. Mwanzo mzuri.

"Na huyo mwanamume anaitwa nani?" akauliza mzee mwenye kofia.

Jina lake, Mungu anisamehe, ni Mr. Satan. Nikalitamka.

"Audhubillahi!" Wazee wawili wakasimama. Mjomba akanitazama kutoka mlangoni, jicho lile la mtu anayeona shilingi 400 zinavaa kandambili.

"Shabani!" nikasema. "Bwana Shabani, mzee wangu. Hawa Wajapani matamshi yao mabovu."

Wazee wakakaa. Tatizo muuza kahawa naye ni Shabani. Bwana Shabani wa kwenye luninga alipotishiwa kwamba asipokwenda kisiwani siri yake ya utotoni itaanikwa, banda zima likamgeukia Shabani wa birika. "Kumbe kikojozi!" Kahawa ikakosa mnunuzi.

Dakika zikaenda. Fundi baiskeli akauliza, "Kijana, steringi yuko wapi?"

"Yuko njiani."

Watoto wawili, Goten wa miaka saba na Trunks wa minane, wakaingia kwenye maabara. Broly tukamwona kwenye chupa kubwa, ameoteshwa kwa damu ya yule wa zamani. Nikagonga luninga kwa fimbo: haya sasa! Chupa ikapasuka, dawa ikamwagika, Broly akatoka, ikammwagikia. Nilikuwa nasubiri misuli. Likaja tope. Yule Broly niliyemnadi wiki nzima akageuka uji wa ulezi wenye meno, unachuruzika na kunguruma.

"Huyu ndiye adui?" fundi akauliza. "Na steringi?"

"Yuko njiani."

"Anatoka wapi huyo, Kigoma?"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kusema kweli. Nikawaambia steringi ameshakufa. Alikufa kwenye vipindi vya luninga, kabla hata filamu haijaanza. Kimya kikatanda, nikasikia jenereta linakohoa. Steringi hafi. Mtoto wa miaka mitano Temeke anajua hilo. Vegeta naye? Hayumo. Piccolo? Hayumo. Gohan? Nikajifanya sijasikia.

Mwisho wa lile tope ulikuwa maji ya bahari. Dawa ile ikigusa maji ya chumvi inakuwa jiwe. Watoto na mfupi mmoja aliyekuwa nao wakayaleta mawimbi, jitu likakauka, likavunjwa. "Maji ya bahari tu?" akasema mama wa vikoba. "Si wangemshusha Feri?"

Goku akatokea mwishoni kabisa, marehemu, duara juu ya kichwa kama sinia. Akaambiwa Broly anafanya fujo motoni, akaondoka kwenda huko. Majina yakaanza kupanda. Dakika hazikufika hamsini.

Miaka mingi baadaye nilijua ilivyokuwa. Filamu hizo Japani zilikuwa fupi makusudi, za likizo za shule, zikioneshwa kadhaa kwa tiketi moja huku kipindi chenyewe kikiendelea kila wiki kwenye luninga. Filamu ya pili ya Broly ilitoka Machi 1994, hii ya tatu Julai ya mwaka uleule. Miezi minne! Hata muhogo haujakomaa. Lakini jioni ile sikuwa na maelezo hayo, na hata ningekuwa nayo, fundi baiskeli alishasimama.

"Hii nusu. Weka sehemu ya pili au rudisha hela."

Hela zilishageuka petroli. Mjomba akanisogeza kwa kiwiko, akachomoa CD, akachomeka nyingine iliyokuwa juu ya deki: harusi ya binti yake, mwezi uliopita, ya Mbagala.

Walitulia papo hapo. Kila mtu alikuwa anajitafuta. "Mimi yule!" "Tazama shangazi anavyokata mauno!" Mama wa vikoba wakaimba pamoja na luninga, Shabani akaonekana amevaa suti, akauza vikombe vinne. Nikaanza kupumua. Hata mzee mwenye kofia alicheka.

Kisha kamera ikahamia kwenye pilau. Na nyuma ya sufuria, kijana mmoja ndani ya koti la kuazima, anatazama kushoto, anatazama kulia, anaingiza paja la kuku kwenye mfuko wa ndani. Halafu la pili.

"Mjomba," fundi baiskeli akasema polepole, bila kunitazama, "hebu rudisha nyuma hapo."

Mjomba akarudisha. Jenereta lile, ambalo kila siku lilizimika mara tatu, jioni ile halikukohoa tena hata mara moja.