Una Kifurushi?

Jamani, saa saba usiku mtu mzima niko macho, miguu imeliwa na mbu, nabembeleza kompyuta ya mezani, ya Linux, kama mtoto aliyegomea uji. Kosa langu? Nilitaka maendeleo. Ilisema kuna masasisho 214 yananisubiri, nami nikasema haya, leo ni leo. Nikaandika sudo apt upgrade, amri ya kusasisha programu zote, ikadai nywila. (Na hii ya kuandika nywila hata nukta isionekane, nani aliiona nzuri? Unabonyeza gizani kama mtu anayetafuta swichi ukweni.)

Ikapakua vizuri tu. Ikaanza kufungua vifurushi, ile mizigo inayobeba programu, kimoja kimoja, na ilipofika asilimia 63, giza. Luku imeisha. Tangu asubuhi ilikuwa inalia pii, pii, na mimi nikijifanya sisikii, kama vile ni mdai kasimama mlangoni.

Nimeweka umeme wa elfu tano, nawasha, naambiwa dpkg, ile inayofungua na kupanga vifurushi, ilikatizwa kazini. Yaani programu nyingine zimefunguliwa lakini hazijapangwa. Umeshawahi kuhama nyumba? Godoro liko chumbani, kitanda bado kiko kwenye kirikuu, na dereva kaenda kula.

"Vifurushi vimeharibika," nikamwambia mke wangu.

"Si ununue vingine, Baba Rehema? Hata vya buku vipo."

"Siyo vya simu. Vya kompyuta."

"Kwani kompyuta nayo ina laini?"

Nikanyamaza. Kiswahili chote kilivyo kikubwa, bando la simu na mizigo ya kompyuta vikapewa jina moja!

Nikaandika sudo dpkg --configure -a, yaani panga vyote vilivyobaki. Ikaenda, ikaenda, ikagoma. Kifurushi hiki kinamngoja mwenzake, mwenzake anangoja kerneli mpya (moyo wa mfumo wenyewe), na kerneli mpya haina pa kukaa kwa sababu /boot, chumba cha faili za kuwashia kompyuta, imejaa pomoni. Hicho si kikao cha harusi? Baba mkubwa hafungui mdomo mpaka shangazi afike, shangazi yuko stendi anasubiri nauli, na nauli anayo baba mkubwa mfukoni.

Nachungulia /boot, nakuta kerneli kuukuu tano zimejilalia kama ndoo tupu za rangi nilizozirundika uani, zile ninazosema kila mwaka zitafaa. Mkono ukaniwasha nizifute zote. Bahati nikakumbuka mara ya mwisho nilipofuta kwa hasira: niliondoa mpaka ile iliyokuwa inatumika, na kompyuta ikageuka kabati la kuwekea vitambaa. Safari hii nikauliza kwanza kwa adabu, uname -r, nijue niko na ipi. Hiyo nikaiacha, na iliyoitangulia nikaiacha pia iwe akiba. Nyingine zote, dpkg --purge, kwaheri ya kuonana.

Nafasi ikapatikana. Nikapiga sudo apt --fix-broken install, amri ya kutengeneza vilivyovunjika, mkono kiunoni kabisa, fundi mzima. Ikajibu: sawa, ila kuna vitu vya kupakua, MB 380. Nikatazama simu ninayovutia intaneti. Zimebaki MB 41.

"Mama Rehema," nikaita, kwa ile sauti ya mtu anayekuja kukopa. "Mama Rehema, mama, umelala? Una kifurushi?"

Hata shuka hakufunua.

"Cha simu au cha kompyuta?"