Shilingi ya Mheshimiwa

Jamani nisaidieni: ile shilingi anayoishika mbunge wetu huko Dodoma, huwa anaiweka wapi? Maana huku kusini haijawahi kufika.

Juzi niko shambani napuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imenijaa hadi kwenye kope, redio naning'iniza kwenye tawi la mkorosho. Mheshimiwa huyo! "Nisipopata maelezo ya kutosha kuhusu kiwanda cha kubangua korosho jimboni kwangu, nashika shilingi!" Kwa msiojua, ni shilingi moja ya mshahara wa waziri, mbunge anaizuia mpaka ajibiwe. Moja! Nikazima mashine, nikaita majirani. Huko Dodoma meza zinagongwa. Nikasema leo ndiyo leo.

Waziri akajibu kuwa Serikali sikivu inaliona hilo, upembuzi yakinifu unaendelea. Nikafuta jasho, salfa yote ikaingia machoni. Kufumbua jicho moja tu, namsikia: "Kwa majibu haya mazuri, narudisha shilingi." Kha! Mimi mtoto akinipunguzia chenji ya mia namkalia mpaka magharibi.

Sisemi hawajitahidi. 2018 wabunge wa kusini walipiga kelele kwelikweli ile asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi, iliyokuwa inarudi kwenye zao, ilipotakiwa iende Hazina. Sauti ziliwakauka. Sheria ikapita.

Halafu viwanda vilishajengwa tangu enzi za Mwalimu! Vingine leo ni maghala, humo korosho zetu zinalala na maganda yake zikisubiri meli ya India na Vietnam. Nilikwenda Dar kwa shemeji, kwenye foleni kijana akaniuzia kipakiti. Nikahesabu: kumi na moja. Mimi, mwenye mikorosho themanini, nimenunua korosho kumi na moja, na moja imeoza.

Jumamosi Mheshimiwa akaja, na jezi na mpira mmoja. Nikanyoosha mkono niulizie shilingi yetu, mwenyekiti wa kijiji akanitolea macho: "Maswali baadaye, mzee, kwanza tumpe mgeni zawadi."

Tukampa. Korosho kilo tano, nyeupee, kazibangua mke wangu kwa mkono mpaka vidole vikababuka kwa yale mafuta ya maganda. Usiku anavipaka mafuta ya nazi, ananiuliza, "Baba Salumu, kiwanda kasemaje?"

Nikamjibu upembuzi yakinifu unaendelea. Nimelala sebuleni.