Mti Ule Ule, Kila Jumamosi

Kila Jumamosi, mvua ikituachia nafasi, tunakwenda kuutazama mti mmoja. Ni mwaloni mkubwa ulio mwisho wa njia ya miguu, mwendo wa dakika ishirini kwa hatua za mtoto wa miaka mitano. Hatupandi gari wala hatulipi kiingilio. Tunafika, tunauzunguka, tunaokota kilichodondoka tangu wiki iliyopita, kisha tunarudi nyumbani kula. Hayo ndiyo matembezi yetu ya vuli ya huku kaskazini, mbali na ikweta, kuanzia Septemba hadi mti unapobaki matawi matupu, na sijapata kuona jambo jingine likiwashika watoto wangu kwa muda mrefu namna hiyo.

Nayaandika haya kwa sababu naona majira haya yakigeuzwa kuwa mbio. Kila mwaka watu huulizana ni wikiendi gani rangi za majani zitakuwa zimekolea, msitu gani unatoka vizuri zaidi kwenye picha, nani ameshakwenda na nani bado. Nasi tulikuwamo. Mwaka mmoja tuliamka kabla ya mapambazuko, tukakaa garini saa tatu, kitinda mimba wetu akatapika mara mbili njiani, na tulipofika tukakuta upepo wa usiku umeshapita na kila kitu. Tulikula chakula kilichopoa chini ya miti iliyo uchi, bila kusemeshana, tukageuza gari. Upepo haukuwa na kosa lolote. Tulikosea sisi, kwa kutaka vuli nzima iingie katika alasiri moja.

Tangu siku ile nimekuwa na msimamo mmoja: familia ichague mahali pamoja pa karibu, iwe inarudi hapo hapo. Majira yenyewe yanasafiri. Kazi yetu ni kuwapo yanapopita.

Kiswahili kinaniunga mkono katika hili. Vuli, kwa asili yake, ni zile mvua fupi za Oktoba hadi Desemba. Baadaye vitabu vikalichukua neno hilo vikayaita hivyo majira yanayofuata kiangazi katika nchi zilizo mbali na ikweta, majani yanapogeuka rangi. Wapo wanaosema mapukutiko, na mimi neno hili nalipenda zaidi. Kitu kinachopukutika hakiporomoki kwa kishindo. Kinatoka kimoja kimoja, leo vitano, kesho kumi, mpaka siku unapotazama juu ukaona mbingu pale palipokuwa na kivuli. Mapukutiko hayaonekani kwa ziara moja.

Wiki ya kwanza ya Septemba mwaloni wetu huwa bado kijani, na mtu mwenye haraka atasema hakuna cha kuona. Lakini njugu zake zimeshaanza kudondoka, kila moja na kikofia chake, na kindi wanapanda na kushuka kwenye shina bila kupumzika. Kitinda mimba alichuchumaa kimya, yeye asiyenyamaza hata usingizini, akagundua kwamba kindi hawali zote. Kindi huchimba kishimo, hutumbukiza njugu moja, huifukia kwa miguu ya mbele, kisha hugongagonga udongo mara mbili tatu kabla ya kuondoka. Nyingine atazikumbuka wakati wa baridi, nyingine atazisahau, na hizo za kusahauliwa ndizo zinazoweza kuota. Mwaloni hauna miguu. Hutembezwa na usahaulifu wa wengine.

Mwezi huo huo mbayuwayu hujipanga kwenye nyaya juu ya njia. Ni ndege wa gramu ishirini hivi, na wanaokwenda mbali zaidi huvuka Sahara na kufika Afrika Kusini, safari ya kilomita kama 10,000. Jumamosi moja tuliwakuta wengi hata nyaya zilikuwa zimelegea. Jumamosi iliyofuata hapakuwa na hata mmoja. Kifungua mimba wetu, binti wa miaka tisa, alisimama akizitazama zile nyaya, akaniuliza, "Baba, saa hizi watakuwa wapi?" Tukapiga hesabu palepale: mbayuwayu anaweza kwenda kilomita 300 kwa siku, basi wakiwa wameondoka Jumapili asubuhi, wako karibu kilomita 2,000 kutoka hapa. Alitembea kimya hadi nyumbani. Swali kama lile haliwezi kumjia mtoto ambaye hakuwaona wiki iliyotangulia.

Rangi zenyewe huja Oktoba, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu wengi tunaamini kwamba baridi hulipaka jani rangi. Rangi ya manjano haiji na baridi. Ilikuwamo ndani ya jani kiangazi chote, imefunikwa na klorofili, ile rangi ya kijani inayolisaidia jani kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Usiku unaporefuka, mti hutambua kwamba muda umekaribia. Huivunjavunja klorofili, hurudisha matawini na mizizini vitu vya thamani kama naitrojeni, na kinachobaki jani likifungwa kazi ni karotenoidi, yaani manjano na rangi ya chungwa. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa upya msimu huu kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani, nayo hung'aa zaidi pakiwa na mchana wa jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Mwaloni wetu hauna makeke hayo. Hupita manjano ukaishia kahawia. Kahawia hiyo ni ya tanini, jamii ya vitu vile vinavyoipa chai ya rangi ukakasi wake mdomoni.

Kisha, pale kikonyo kinapoungana na tawi, hujengeka utando wa seli kama kizibo. Jani linabaki limeshikwa na nyuzi chache tu. Kwa hiyo upepo tunaoulaumu huwa haung'oi kitu. Unakuja kuchukua jani ambalo mti umeshaliaga.

Tukirudi nyumbani tunamkuta mama yangu ameshaweka boga mezani. Kabla sijaeleza supu yake niseme wiki yetu ilivyo. Mke wangu hufanya kazi zamu za usiku, mimi hutoka asubuhi watoto hawajaamka, na siku nyingi tunaachiana maagizo kwenye karatasi iliyobandikwa jokofuni. Mlo wa Jumamosi ndio mlo pekee wa wiki ambao sote watano tunaukalia pamoja. Ndiyo maana siwezi kuuona kuwa jambo dogo.

Mama hukata kwanza kipande chembamba chini ya boga, lipate kukaa bila kubiringika, ndipo analipasua katikati. Nusu mbili hulazwa kifudifudi kwenye sinia na kuingia kwenye oveni hadi ganda likunjamane na kisu kiingie bila kubishiwa. Anasema boga la kuchemsha hunywa maji likasahau utamu wake, na mimi nimeonja yote mawili, nakubaliana naye. Nyama ya boga huchotwa kwa kijiko, hukutana na kitunguu kilichokaangwa taratibu hadi kikawa laini, chumvi, maji ya moto, kisha vyote husagwa. Ukiitazama ile supu sufuriani na jani la manjano lililo mkononi mwa mtoto, unaona ni rangi za ukoo mmoja. Kweli ni ukoo mmoja: karotenoidi zile zile. Binti yangu aliposikia hivyo alilibandika jani ubavuni mwa bakuli lake, akala huku akililinganisha.

Mbegu ni za kitinda mimba. Huingiza mikono yote miwili katika bakuli la maji na kuzitenganisha na nyuzi za boga.

"Bibi, zinateleza!"

"Sugua, mume wangu. Ukiziacha na utelezi hazitakauka vizuri."

"Nikimaliza nitakula ngapi?"

"Utakazozisugua mwenyewe."

Husugua kwa bidii ambayo natamani aiweke kwenye mswaki. Zikishakauka juu ya kitambaa hupakwa mafuta kidogo na chumvi, zikarudi ovenini kwa moto mdogo, na dakika chache baadaye huanza kupasuka moja moja. Mtoto hukaa mbele ya kioo cha oveni akihesabu milio kwa sauti.

Matunda ya msimu huu yana adabu zake pia, ingawa hapo nitapita haraka. Peasi huiva kuanzia ndani kwenda nje, kwa hiyo ukisubiri lilainike tumboni umechelewa. Bonyeza karibu na kikonyo, pakikubali kidole, lile siku hiyo hiyo. Tufaha nalo hutoa gesi ya ethilini inayoyaharakisha matunda ya jirani kuiva. Tumia tabia hiyo kwa peasi gumu, lakini ondoa kapuni tufaha lenye jeraha kabla halijawaambukiza wenzake.

Nasikia watu wengi wakiilalamikia jioni ya vuli kwamba ni fupi na inatia unyonge. Siwakebehi, maana giza la mapema huwalemea wengine kweli kweli, na kwao mwanga wa mchana ni haja, si anasa. Lakini kwa nyumba yetu limekuwa zawadi. Karibu na ikweta jua huzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Kadiri unavyokwenda mbali nayo ndivyo siku zinavyobadilika, na katika latitudo za kati za kaskazini, mchana na usiku vinapolingana tarehe 22 au 23 Septemba, kila siku hupoteza dakika tatu hivi za mwanga. Kwa wiki moja ni dakika ishirini na moja: njia yetu yote ya kwenda mtini. Sehemu ya upungufu huo hukatwa asubuhi na sehemu jioni, basi kila Jumamosi mbili tunalazimika kutoka mapema kwa kiasi cha safari moja, tusije tukarudi gizani.

Na giza likishaingia, nyumba hujikusanya yenyewe. Kiangazi kila mtu ana mahali pake pa kuwa hadi saa tatu usiku, na mwenye kumwita mwenzake aje kula huita mara nne. Vuli taa huwashwa chumba kimoja, penye moto na harufu, na watu hufuata. Mke wangu, ambaye Jumamosi huamka alasiri baada ya zamu ya mwisho, huja mezani bado amejifunga shuka. Hana haja ya kuuliza tumeona nini. Vitu viko mezani mbele yake: jani, kikofia cha njugu, unyoya, jiwe ambalo mtoto anaapa halikuwapo wiki jana.

Najua si kila mtu ana njia na mwaloni. Mti wa barabarani unatosha, hata mmoja ulio mbele ya kituo cha basi, mradi muwe mnasimama hapo pamoja na kuutazama kweli. Na mwenye kupenda safari ya mbali aende, nami namtakia barabara nyeupe. Ninachokipinga ni kuwaaminisha watoto kwamba furaha ya majira haya iko mahali fulani kwingine, na kwamba aliyekosa wikiendi ile moja amekosa mwaka.

Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba mti ulikuwa umebakiwa na majani machache ya kahawia, na nilidhani tumeshaona yote. Binti yangu alivuta tawi la chini akalichomoa jani moja. Lilitoka bila nguvu. Aliliangalia kovu lililobaki, akaniita nisogee. Juu tu ya kovu kilikuwa kimekaa kitumba kidogo kama punje ya mtama, kimefungwa magamba ya kahawia, kigumu, kikavu kwa nje. Akachomoa jani la pili. Kitumba. La tatu vilevile.

"Baba, kumbe la mwakani limeshafika."

Nilimweleza kwamba vitumba vile havikuja leo. Mti ulivitengeneza tangu kiangazi, majani yakiwa bado mabichi na yanafanya kazi. Akanitazama kama niliyekuwa nikimficha jambo. "Kwa hiyo tulipokuja Septemba vilikuwapo?" Vilikuwapo. Tulivipita Jumamosi kumi na mbili mfululizo.

Jioni ile tulijaza beseni maji tukamwagia njugu zote zilizokuwa zimerundikana kwenye mifuko ya makoti. Zinazoelea mara nyingi zimetobolewa na wadudu au zimekauka ndani. Zinazozama ndizo zenye uhai. Kumi na nne ziliogelea. Sita zilikwenda chini. Bibi akatafuta chungu cha zamani, watoto wakazilaza ubavu kwenye udongo wenye unyevu, tukafunika juu kwa wavu wa waya ili kindi wasizipate, na kukiweka nje chini ya dirisha, mahali patakapopigwa na baridi. Kitinda mimba alitaka kujua zitakuwa kubwa kama ule mti lini. Bibi akamwambia kwamba yeye bibi hatakuwapo, na baba yake huenda asiwepo, lakini mtoto mwenyewe ataiona miti hiyo imemzidi kimo.

Alifikiri kidogo, akaenda kuchukua kalamu, akajipima kwenye fremu ya mlango.