O moja ya ziada

Hapa Mombasa, pita Kongowea, katiza Majengo, malizia Mwembe Tayari, uangalie mabango ya "Ladies Saloon". Jamani, o moja tu! Pahali pa kusukwa nywele, kwa Kiingereza cha leo, ni "salon", herufi tano. Ukiongeza o ya pili umeingia nyumba nyingine. "Saloon" kwa Mmarekani ni baa ya kizamani, ya wapanda farasi na wiski. Kwa Mwingereza ni gari la kawaida lenye buti iliyojitenga na viti, kwa hivyo wauza magari wakiandika saloon wako sawa kabisa. Melini nako ni ukumbi wa abiria. Sasa mama ataka hina na singo ya kusugua mwili, bango lamkaribisha baa.

Maneno haya ni ndugu, yote chanzo chake ni "salon" ya Kifaransa, chumba cha kupokea wageni, na zamani Waingereza waliwahi kusema saloon hata kwa kinyozi. Saluni yetu ni Kiswahili safi, haina kosa. Kosa huja mchoraji anapoisikia ile u ya "saluni" akaitafutia Kiingereza chake: oo.

Tena kurekebisha ni taabu. Ukifuta o moja kwa rangi nyeupe, pengo labaki kama jino lililong'oka. Andika kwa penseli kwanza, mwenye duka asome herufi moja moja, ndipo brashi iguse rangi. Ama andika SALUNI, yakaisha.